Daktari wa Darus Salam ya Delhi

Mgonjwa aliyefika Delhi mwanzoni mwa miaka ya 1930 akiulizia kwa tabibu Ansari aliulizwa swali moja kwanza: Ansari yupi? Kulikuwa na ndugu wawili. Mkubwa, Abdul Wahab, alikuwa kipofu. Watu walimwita Hakim Nabina, yaani tabibu asiyeona. Yeye alishika kifundo cha mkono wa mgonjwa, akausikiliza mshipa kwa ncha za vidole, kisha akataja maradhi na dawa yake kwa kanuni za tiba ya Kiyunani, elimu ambayo Waislamu wa India waliirithi kutoka kwa Ibn Sina na wenzake. Mshairi Muhammad Iqbal alipopotewa na sauti mwaka 1934, kwa kipofu huyu ndiko alikotafuta dawa.

Mdogo, Mukhtar Ahmad, alikuwa na macho mazima na kisu. Yeye hakuishia kwenye mshipa wa mkono. Alimlaza mtu kwa nusukaputi, akamfungua tumbo, akatoa kisichotakiwa, akashona. Elimu hiyo aliifuata mbali sana na kwao, katika nchi ya watu walioitawala nchi yake. Kisu hicho kilikuwa ghali, na yeye hakukilipia. Kisa cha maisha yake kinaanzia hapo: ni nani aliyelipa, na deni lenyewe lililipwa kwa nani.

Mukhtar Ahmad Ansari alizaliwa tarehe 25 Desemba 1880 katika kijiji cha Yusufpur, wilaya ya Ghazipur, kwenye bonde la mto Ganga. Jina la ukoo wake ni la wale Ansari wa Madina, wenyeji waliompokea Mtume na wahajiri wenzake wakawagawia nyumba na chakula. Jina kama hilo ni sifa, na ni mzigo pia. Anayelibeba anatazamiwa awe mtu wa kukaribisha watu.

Ghazipur yenyewe ilijulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni kaburi la Lord Cornwallis, gavana mkuu wa Kiingereza aliyefia huko mwaka 1805. La pili ni kiwanda cha kasumba. Wakulima wa bonde zima waliuza utomvu wa mpopi kwa serikali, ukakaushwa na kufinyangwa kuwa mabonge, na sehemu kubwa ikapakiwa melini kwenda China. Sisi tumelichukua neno hilo la kasumba tukalitumia kwa ulevi wa akili, ile hali ya mtawaliwa kujiona duni mbele ya bwana wake. Mukhtar alizaliwa jirani ya kasumba ya kweli. Ile nyingine, kama tutakavyoona, haikumpata.

Baada ya shule ya Ghazipur njia yake ilielekea kusini, Hyderabad, milki ya Nizamu, mtawala wa Kiislamu aliyesifika kwa utajiri kuliko wafalme wote waliosalia India chini ya bendera ya Uingereza. Mji ule ulikuwa na historia yake katika elimu ya tiba. Mwaka 1888 na tena 1889, serikali ya Nizamu iligharamia tume mbili za kuchunguza usalama wa klorofomu. Madaktari wa Ulaya walikuwa wakibishana: mgonjwa anapokufa mezani, ni moyo unaotangulia kusimama au ni pumzi? Majaribio ya Hyderabad yalisomwa na kupingwa hadi London. Kwa hiyo haikuwa ajabu hazina ya Nizamu kumlipia kijana wa Kiislamu aliyekuwa amekwisha kupita Chuo cha Udaktari cha Madras aende Uingereza kumalizia. Lipi lingekuwa la ajabu? Kwamba fedha ya mtawala aliyeketi kwa ridhaa ya Waingereza ingemlea mtu atakayesaidia kuwaondoa Waingereza hao.

Ansari aliwasili Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, akajiunga na Edinburgh. Kwa mpasuaji, Edinburgh ilikuwa kama Makka. Huko ndiko James Young Simpson alikoanza kutumia klorofomu mwaka 1847, na huko ndiko Joseph Lister alikofundisha miaka ya 1870, akiwafunza wapasuaji kupambana na vijidudu kwa asidi ya kaboliki. Kizazi cha Ansari kilikuta vita hivyo vimekwisha kwa ushindi: vyombo vinachemshwa, mikono inasuguliwa, na tumbo la mtu aliye hai limekuwa mahali ambapo daktari anaweza kuingia na kutoka bila kuacha usaha nyuma yake. Miaka 50 kabla ya hapo, kulifungua tumbo kulikuwa karibu sawa na kumchimbia mtu kaburi.

Kufikia mwaka 1905 alikuwa na shahada za juu za tiba na za upasuaji. Akahamia London, akafanya kazi katika Lock Hospital, hospitali ya magonjwa ya zinaa ambayo watu waliitaja kwa sauti ya chini, kisha akawa mpasuaji mkaazi katika hospitali ya Charing Cross, hatua chache kutoka barabara ya Strand. Tuitafakari picha hiyo kidogo. Wakati Waingereza nchini India walikuwa na vilabu ambavyo Mhindi hakuruhusiwa kuingia ila amebeba sinia, katikati ya London mfanyakazi wa Kiingereza aliyevunjika mguu usiku alizinduka kutoka nusukaputi, na uso wa kwanza kuuona ni wa kijana wa Ghazipur anayemwambia atapona. Mtu aliyemwona mtawala wake uchi, akilia kwa maumivu na kumwita mama yake, hawezi tena kuambiwa kwamba mtawala huyo ameumbwa kwa udongo tofauti.

Nyumba yake ya kupanga ilianza kuwa kituo cha Wahindi waliopita London. Mwaka 1905 wakili tajiri wa Allahabad, Motilal Nehru, alimleta mwanawe kuanza shule Harrow. Kijana huyo, Jawaharlal, aliyekuwa na miaka 15, alikutana na daktari huyu mwenye nyota inayong'aa, na baadaye akiandika habari za maisha yake hakusahau kumtaja. Urafiki huo na familia ya Nehru ulidumu hadi kifo.

Takriban mwaka 1910 Ansari alirudi nyumbani. Daktari Mhindi mwenye vyeti vya Ulaya aliweza kufuata mojawapo ya njia mbili. Aliweza kuingia Indian Medical Service, idara ya madaktari wa serikali ambayo tangu mwaka 1855 ilipokea watu kwa mtihani lakini vyeo vyake vya juu vikawa karibu vyote vya Wazungu. Au aliweza kufungua mlango wake mwenyewe na kula anachokichuma. Ansari alichagua mlango wake, akaufungua Delhi. Na wakati wenyewe ulikuwa mzuri. Desemba 1911 Mfalme George wa Tano alitangaza kwamba makao makuu ya India yanahama kutoka Calcutta kuja Delhi. Mji uliokuwa umelala tangu maasi ya 1857 dhidi ya Waingereza ukaanza kujaa makarani, wanasiasa, wafanyabiashara, na manawabu, yaani watawala wa Kiislamu chini ya Waingereza, waliotaka kuwa karibu na makamu wa mfalme. Wote hao huugua.

Mwaka mmoja tu baadaye aliiacha kazi hiyo yenye faida na kwenda vitani.

Oktoba 1912 mataifa ya Balkani, yaani Bulgaria, Serbia, Ugiriki na Montenegro, yaliishambulia dola ya Uthmaniyya. Jeshi la Waturuki lilirudi nyuma mpaka karibu na Istanbul, na nyuma yake kikaja kipindupindu. Kwa Waislamu wa India habari hiyo ilikuwa msiba wa nyumbani, kwa sababu Sultani wa Istanbul ndiye aliyeitwa Khalifa. Mohamed Ali Jauhar, mhariri wa gazeti la Comrade, alitoa wito wa kupeleka madaktari. Michango ikaingia kutoka kwa wenye mali na kutoka kwa wajane. Kiongozi wa msafara akachaguliwa Ansari.

Walitweka kutoka Bombay Desemba 1912: madaktari, wauguzi, na vijana kadhaa wa kujitolea, baadhi yao wakiwa wanafunzi wa chuo cha Aligarh. Miongoni mwao alikuwemo Chaudhry Khaliquzzaman, aliyekatiza masomo, na Abdur Rahman wa Peshawar, aliyeuza vitu vyake ili apate nauli. Huko wakakuta kazi inayowangoja: risasi zilizozama katika mapaja, mifupa iliyosagwa na vipande vya mizinga, vidole vilivyokufa kwa baridi. Upasuaji wa vitani haufanani na wa Charing Cross. Mbele ya daktari hakuna mgonjwa mmoja; kuna foleni, naye huamua nani atangulie na nani aachwe. Ansari alikuwa akipasua mchana, na usiku akiandika barua zilizochapishwa katika Comrade, ili msomaji wa Delhi aliyetoa rupia yake ajue imenunua bendeji gani.

Julai 1913 msafara ulirejea, na aliyeondoka akiwa daktari wa mjini akapokewa kama kiongozi. Haikuwa kwa sababu ya hotuba, maana Ansari hakuwa msemaji wa kusisimua umati. Watu walikuwa wamempa fedha zao na vijana wao, na alirudi na hesabu iliyotimia. Katika siasa za wakati ule, mali hiyo ilikuwa adimu.

Kuanzia hapo maisha yake yana mikondo miwili, na mmoja unaulisha mwingine. Asubuhi aliwatazama wagonjwa. Manawabu na marajah walimwita na kumlipa vizuri, naye hakuona haya kupokea. Jioni malipo hayo yaligeuka kuwa chakula, nauli na vitanda vya watu waliokuwa wakipanga namna ya kuiondoa serikali ambayo ndiyo iliyowaweka manawabu hao salama katika viti vyao. Maskini wa Delhi, kwa upande wao, walijua mlango wa kupita bila kulipa.

Mahali yalipotokea mabadiliko hayo ni nyumba yake ya Daryaganj, ukingoni mwa Delhi kongwe. Aliipa jina ambalo msomaji wa pwani yetu hahitaji kufasiriwa: Darus Salam. Sultani Majid wa Zanzibar alikuwa ameupa mji wake mpya jina hilohilo katika miaka ya 1860. Sultani alitaka bandari ya salama. Ansari alitaka meza ya salama, ambapo Mhindu na Muislamu, mwenye msimamo mkali na mwenye subira, wangeweza kula pamoja hata kama asubuhi walitukanana magazetini. Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Daryaganj methali hiyo iligeuzwa: mwenyeji ndiye aliyemponya mgeni.

Na wageni walikuwa wengi. Desemba 1918 chama cha kitaifa cha Congress na kile cha Waislamu, Muslim League, vilifanya mikutano yao Delhi kwa wakati mmoja. Mwenyekiti wa mapokezi ya Congress alikuwa Hakim Ajmal Khan, bingwa wa tiba ya Kiyunani. Wa Muslim League alikuwa Ansari. Mji mzima ulikabidhiwa kwa matabibu wawili marafiki, mmoja wa mitishamba na mmoja wa kisu. Hotuba ya Ansari ilikuwa kali kiasi kwamba serikali ilipiga marufuku maandishi yake. Mwaka 1920 yeye na Ajmal Khan walikuwa miongoni mwa walioanzisha Jamia Millia Islamia, chuo cha Waislamu waliokataa ruzuku ya Waingereza. Ajmal Khan alipofariki Desemba 1927, mzigo wa ukuu wa chuo hicho maskini ulimwangukia Ansari, akaubeba mpaka mwisho, akichangisha na kutoa mfukoni mwake.

Gandhi alipofunga kwa siku 21, kuanzia Septemba 1924, akihuzunishwa na mapigano ya Wahindu na Waislamu, alianza mfungo huo katika nyumba ya Mohamed Ali huko Delhi, na Ansari alikuwa mmoja wa madaktari waliomwangalia. Ni kazi ya ajabu kwa daktari, kusimama kando ya mtu anayejidhoofisha kwa hiari, ukihesabu mapigo ya moyo wake bila ruhusa ya kumlisha. Mwaka 1931, Gandhi alipokuwa akizungumza na Lord Irwin, makamu wa mfalme, alifikia Darus Salam. Alikwenda ikulu akarudi, na viongozi wenzake wakamngoja Daryaganj wapate habari, mpaka mkataba ulipotiwa saini tarehe 5 Machi. Mwezi mmoja kabla, Ansari alikuwa Lucknow, mmoja wa madaktari walioshindwa kuyaokoa maisha ya Motilal Nehru. Pale pale kitandani alikuwepo daktari mwingine aliyesomea London, Bidhan Chandra Roy. Ukitazama, uongozi wa mapambano yale ulizungukwa na watu waliojifunza udaktari kwa mtawala na kuurudisha kwa mtawaliwa.

Lakini kuna jeraha lililoshinda mikono yake. Desemba 1927 huko Madras, Ansari alikuwa rais wa Congress, na neno lake kubwa lilikuwa umoja. Mwaka uliofuata aliongoza mikutano ya vyama vyote iliyojaribu kuandika katiba ya India ambayo Wahindu na Waislamu wangeikubali. Calcutta, Desemba 1928, Muhammad Ali Jinnah wa Muslim League aliomba marekebisho, likiwemo la Waislamu kupata theluthi ya viti vya bunge la kati. Yakakataliwa. Mohamed Ali Jauhar, yule yule aliyempeleka Uturuki, naye akaachana na wenzake wa Congress. Ansari akabaki katikati, akasaidia kuunda chama cha Waislamu waliokuwa wazalendo wa India nzima.

Katikati ni mahali pabaya pa kukaa. Waislamu wengi walimwona ameuzwa kwa Wahindu. Wahindu wengine walimwona Muislamu tu. Serikali ilimfunga mwaka 1930, katika gereza la Gujrat, Punjab, ambako alikuwa pamoja na mzalendo mwenzake Abdul Ghaffar Khan, kisha ikamfunga tena 1932. Na Gandhi alipotaka Ansari aende naye kwenye mkutano wa London wa mwaka 1931 kuhusu katiba ya India, serikali ilikataa. Sababu iko wazi. Muislamu mwenye heshima akiketi upande wa Congress mezani, hoja ya Waingereza kwamba wao ndio walinzi wa Waislamu ingekufa hapo hapo. Mtu ambaye Charing Cross ilimwamini kuwapasua Waingereza, serikali ya Whitehall haikumwamini kuketi kitini.

Kuna ukurasa mwingine wa maisha yake ambao wasifu mwingi huupita haraka. Katika miaka yake ya mwisho alivutwa na kazi za Serge Voronoff wa Paris, aliyepandikiza vipande vya korodani za nyani ndani ya wanaume wazee akidai kuwarudishia ujana. Ansari alikwenda Ulaya kujifunza, akafanya upandikizaji huo India, na mwaka 1935 akachapa kitabu chake, Regeneration of Man. Kati ya wagonjwa wake walikuwemo watu wakubwa, maana uzee humtisha zaidi mwenye mengi ya kuacha. Leo tunajua haikufaa kitu: mwili hukitambua kiungo cha mnyama kuwa ni adui, ukakiua. Si haki kumcheka. Mabingwa wa Ulaya waliamini vilevile, na Ansari aliandika kesi zake kwa uangalifu. Ila inatufunza kuwa hata macho yaliyonolewa Edinburgh huweza kuona kinachotamaniwa badala ya kilichopo.

Mwaka 1935 mwandishi wa Kituruki Halide Edib alikuja kuhutubia Jamia Millia, akafikia Darus Salam. Zaidi ya miaka 20 baada ya msafara wa Istanbul, Uturuki ilikuwa imemjia Ansari nyumbani. Tarehe 1 Machi mwaka huo huo, huko Okhla, nje ya Delhi, liliwekwa jiwe la msingi la makao mapya ya Jamia. Hakuitwa nawabu wala gavana kuliweka. Aliliweka mwanafunzi mdogo kuliko wote.

Mei 1936 Ansari, moyo wake ukiwa umechoka, aliitwa Mussoorie milimani kumtibu Nawabu wa Rampur. Akaenda, kama alivyokwenda kila alipoitwa. Usiku wa tarehe 10 Mei, akiwa kwenye treni akirudi Delhi, moyo ulisimama. Alikuwa na miaka 55. Treni iliendelea na safari yake gizani ikiwa na daktari ndani, naye ndiye aliyekuwa mgonjwa. Walimzika Jamia, katika uwanja ambao majengo yake yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kuinuka.

Vijana wake wa mwaka 1912 walitawanyika. Abdur Rahman wa Peshawar hakurudi nyumbani. Aliitumikia Uturuki hadi akawa balozi wake Afghanistan, na mwaka 1925 akauawa kwa risasi Istanbul. Khaliquzzaman aliliunga mkono azimio la Lahore la 1940 lililodai nchi ya Waislamu, akaishia kuwa raia wa Pakistan. Meza ya Daryaganj haikuweza kuwaweka wote pamoja, na India ilikatwa mwaka 1947 bila nusukaputi.

Hesabu ya kisu, hata hivyo, inasomeka. Nizamu alikilipia mwanzoni, na Nawabu ndiye aliyelipia safari ya mwisho. Kati ya watawala hao wawili kisu kilifanya kazi miaka 30. Alichochuma nacho kilinunua chakula cha wageni wa Darus Salam na kukisaidia chuo kusimama. Wanafunzi wa Jamia bado wanalipita kaburi lake wakienda darasani.